Panga Juu ya Mwembe: Mwongozo Kamili wa Kupanda Mti Mrefu na Zana za Makali

Maembe yakianza kuadimika sokoni, kuelekea Februari, ndipo wenye miembe mirefu wa Mwanza wanapoanza kutazama juu. Wakati wenyewe ndio huo. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za machipukizi yaliyokomaa, kwa hiyo ukipunguza matawi mara tu baada ya mavuno, machipukizi mapya hupata mvua za masika yakakua na kukomaa kabla ya maua ya kiangazi. Ukingoja hadi Juni, unakata matawi pamoja na maembe ya msimu ujao.

Shida ni namna kazi inavyofanywa. Kijana anaitwa kutoka kijiweni, anavua ndala, anachomeka panga kiunoni kwa nyuma au analibana kwapani, na kabla bei haijakaa sawa ameshafika mita nane juu. Huko anashika tawi kwa mkono mmoja na kufyeka kwa mwingine. Akiteleza, anaanguka pamoja na panga, na hakuna ajuaye kipi kitatangulia kufika chini.

Kanuni ninayoisimamia katika mwongozo huu wote ni moja: mtu na makali hawapandi pamoja. Mikono miwili na miguu miwili ni ya mti mpaka mpandaji afike, ajifunge na atulie. Zana humfuata kwa kamba yake. Wakati wa kushuka, zana hutangulia.

Kimo hakibishaniwi. Anayeanguka kutoka mita 6 hukaa hewani sekunde moja na kidogo tu, akagonga ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Panga lililoponyoka kutoka mita 10 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Ukipiga kelele "angalia!", aliye chini hana muda wa kuangalia.

Kwanza uliza kama kuna haja ya kupanda

Kazi nyingi zinamalizika ukiwa umesimama chini. Kwa matunda kuna upembo. Kwa matawi membamba, funga msumeno wa kupogolea kwenye mwanzi mkavu, imara, na utafikia mita 4 au 5 bila kuinua mguu. Simama pembeni ya tawi, kamwe usisimame chini yake, na vaa miwani, maana unga wa mbao na utomvu hushuka moja kwa moja usoni. Utomvu wa mwembe huunguza ngozi za watu wengi, na machoni ni hatari zaidi.

Kuna miti ambayo haipaswi kupandwa kabisa, hata mwenye nyumba aongeze hela kiasi gani.

Wa kwanza ni ule uliogusana au kukaribiana na nyaya za umeme. Njia ndogo za mtaani zenye volti 230 na 400 zinaua, na njia kubwa za kilovolti 11 na 33 zinaua hata kabla hujazigusa, ukizikaribia tu. Tawi bichi hupitisha umeme, na likiwa na unyevu wa mvua hupitisha zaidi. Kama mwili wako, zana yako au tawi unalotaka kuliangusha linaweza kufika ndani ya mita 3 kutoka kwenye waya, hiyo si kazi yako. Nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako, toa taarifa, na subiri wakate wao au wazime njia. Usitegemee gamba la waya, kwa kuwa jua na msuguano wa matawi hulichubua, na kutoka chini huwezi kuona palipochubuka.

Wa pili ni mti wenye nyuki. Kabla ya kitu chochote, kaa kimya chini yake dakika kumi ukiwa unatazama mashimo ya shina na panda za matawi makubwa. Nyuki wakiingia na kutoka kwenye shimo moja, mwite mrina asali kwanza. Mtu aliyefungwa kamba mita kumi juu hawezi kukimbia nyuki.

Wa tatu ni mti uliooza, na huo unahitaji maelezo zaidi.

Kuusoma mti ukiwa chini

Uzunguke mti taratibu, kuanzia mizizini. Udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja unaonyesha kwamba mizizi imeachia. Uyoga unaoota kwenye kitako cha shina ni alama ya kuoza kwa ndani, hata kama juu majani ni ya kijani na mengi. Gonga shina kwa kipande cha gongo: sauti nzito ni ya mti mzima, sauti ya uwazi ni ya mti ulioliwa ndani.

Kisha tazama panda, pale shina linapogawanyika. Panda iliyofunguka kama herufi U huwa na nguvu. Panda iliyobana kama V, yenye gamba lililokunjwa kuingia ndani na ufa mwembamba unaotoa utomvu, inaweza kuachana ukiweka uzito wako upande mmoja. Usifunge kamba ya maisha yako juu ya panda ya namna hiyo. Matawi makavu yatambue moja baada ya nyingine kabla hujapanda, kwa sababu ukiwa ndani ya majani hutayaona, na mkono hushika kilicho karibu.

Mwanza ina jambo lake la ziada, nalo ni mawe. Miti mingi ya Isamilo, Mabatini, Igogo na kilima cha Bugando imejipenyeza katikati ya majabali, mahali ambapo udongo ni haba. Mti ulio kwenye ufa wa jiwe unaweza kuonekana umeshikiliwa barabara, kumbe mizizi yake imetambaa upande mmoja tu. Ngazi nayo haikai juu ya jabali la mviringo, hata likiwa kavu. Na anayeangukia jiwe haangukii udongo. Nikiwa na shaka juu ya mti wa namna hiyo, shaka inatosha: usipandwe.

Karibu na ziwa kuna miti ambayo yangeyange na ndege wengine wa majini huilalia makundi kwa makundi. Kinyesi chao hufanya magamba yateleze kwa siku nyingi na hukausha matawi ya juu. Halafu kuna majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanalinda matunda dhidi ya wadudu, kwa hiyo sipendi wauawe, lakini kuumwa nao ghafla humfanya mtu aachie mkono bila kufikiri. Tafuta njia ya kupanda inayokwepa viota vyao, vaa mikono mirefu, chomeka suruali ndani ya soksi.

Hali ya hewa ya ziwa inabadilika upesi. Mvua za usiku huacha magamba yameloa asubuhi, na upepo kutoka ziwani huongezeka mchana jua likishapasha nchi kavu. Kwa hiyo muda mzuri ni kuanzia saa tatu asubuhi, mti ukishakauka, mpaka saa sita. Ukisikia ngurumo, hata iwe ya mbali kiasi gani, teremsha zana na ushuke, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani.

Neno moja kuhusu ruhusa. Mti wa barabarani au wa eneo la umma una mwenyewe, ambaye ni Halmashauri ya Jiji kwa upande wa Nyamagana au Manispaa kwa upande wa Ilemela. Na kwa mti ulio ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kwenye maji. Uliza ofisi ya mtaa kabla ya kunoa panga.

Kamba mbili zenye kazi tofauti

Hapa ndipo Mwanza inapojidanganya, kwa sababu kamba zimejaa. Kila duka la zana za uvuvi kuanzia Kirumba lina manila za kila rangi na unene, na zimevuta mitumbwi miaka yote, basi mtu husema itanishika na mimi. Manila ile ya plastiki ni nzuri kwa mtumbwi. Kwa mwili wa mtu haifai. Ni nyepesi na inateleza, kwa hiyo mafundo yake hulegea yenyewe. Jua huikausha ikawa ngumu na kutoa unga. Na ikisuguana juu ya tawi au juu ya kamba nyingine, joto la msuguano huiyeyusha.

Kamba ya mtu iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi za juu: ya nailoni au poliesta, yenye ganda lililosukwa, unene wa milimita 11 hadi 13, yenye lebo inayoonyesha uzito inaoustahimili. Maduka ya vifaa vya usalama kazini yanayouzia mafundi wa minara ya simu huwa nayo, pamoja na mkanda wa mwili mzima, yaani ule unaopita mapajani, kiunoni na mabegani. Mkanda wa kiunoni peke yake ni wa kumwegemeza fundi kwenye nguzo. Ukianguka nao unaweza kukuvunja mgongo, au ukakuchomoka kupitia kichwani.

Bei yake ni kubwa, najua. Ndiyo maana nawashauri vijana wanaofanya kazi hii pamoja wanunue seti moja kwa kikundi, waitunze gizani, mbali na petroli, na wasimwazime mtu kuvutia gari. Kamba ya mtu iliyowahi kuvuta gari haijulikani tena ina nguvu kiasi gani.

Kamba ya zana ndiyo sasa iwe manila ya milimita 8 au 10. Rangi yake iwe tofauti kabisa na ya mtu, ili hata ukiwa umechoka usizichanganye. Urefu wake uwe zaidi ya mara mbili ya kimo unachopanda. Sababu ya urefu huo utaiona mbele.

Kila asubuhi pitisha kamba yote mikononi, futi kwa futi, macho yakifuatana na vidole. Palipo laini kuliko kwingine, palipovimba, palipoungua au kukatika nyuzi za ganda, ndipo mwisho wa kamba hiyo kwa kazi ya mtu.

Zana zenyewe

Juu ya mti, msumeno ni salama kuliko panga. Msumeno hukata kwa kwenda na kurudi mahali pamoja, unajua makali yako wapi muda wote. Panga linahitaji kurushwa, na kila linaporushwa mwili wako unayumba na makali yanapita karibu na kamba yako, goti lako na mkono ulioshika tawi. Mimi ningeliacha panga chini kwa kazi zote isipokuwa vitawi vyembamba kuliko kidole gumba, na hata hivyo huo huo msumeno mdogo wa kukunja unaviweza. Shoka libaki chini kabisa. Chensoo isipande na mtu ambaye hakufundishwa kuitumia juu ya mti. Ni zana ya mikono miwili, na juu ya mti vishawishi vya kuishika kwa mmoja ni vingi.

Panga na msumeno viwe na ala. Ala ya ngozi ikikosekana, pasua kipande cha bomba la plastiki kwa urefu, chomeka makali ndani, kisha funga kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli sehemu mbili. Tikisa ikiwa imegeuzwa chini. Ikitoka, haijafungwa.

Nolea chini, kwa tupa, na nolea vizuri. Zana butu hukulazimisha kutumia nguvu, na nguvu nyingi ndiyo huangusha mtu pale tawi linapokatika ghafla. Angalia pia mpini: panga lenye misumari iliyolegea kwenye mpini haliendi juu.

Usifunge panga kwenye kifundo cha mkono kwa kamba fupi. Wengi huona ni ujanja, lakini likiponyoka linabembea na kurudi kwenye paja au tumbo lako. Msumeno unaweza kufungwa kwenye mkanda kwa uzi mrefu wa mita moja hivi, na kila usipoutumia urudi ndani ya ala.

Mtu wa chini

Usipande peke yako. Mtu wa chini huendesha kamba ya zana, huzuia watoto na wapita njia, na ndiye atakayepiga simu. Awe na kofia ngumu, simu yenye chaji na salio, na awe amekubali kutofanya kazi nyingine yoyote wakati wewe uko juu.

Zungusha kamba au vijiti vya alama kuweka eneo la hatari, upana wake angalau mara moja na nusu ya urefu wa tawi refu unalokata, kila upande. Kwenye nyumba zilizobanana hili ni gumu, hasa mtaa ambao kila mtu anapita uani kwa mwenzake. Bisheni hodi kwa majirani, mwambie mama anayeuza chapati chini ya mti ahamie upande wa pili kwa saa mbili, na mtoeni mbuzi aliyefungwa shinani.

Kubalianeni maneno machache mkiwa bado chini. "Kamba!" maana yake nateremsha kamba. "Nimeipata" ni jibu lake. "Naangusha!" haifuatwi na kitu mpaka isikike "Pako wazi!" Na "Subiri!" inamsimamisha kila mtu, yeyote atakayeisema, hata akiwa mtoto wa jirani. Ukimya si jibu. Usiposikia jibu, rudia.

Bei na idadi ya matawi vimalizwe chini pia. Mwenye nyumba akianza kuita, "Kijana wangu, nisaidie na lile pale," wakati umeshachoka na umeshateremsha nusu ya vifaa, mjibu kwa heshima kwamba mtazungumza ukishuka. Tawi la nyongeza hukatwa na mikono iliyochoka.

Kupanda

Rusha mshipi kwanza. Hapa ustadi wa wavuvi unafaa sana: funga kifuko cha mchanga cha gramu 300 au 400 kwenye mshipi mwembamba, kirushe kipite juu ya panda nene iliyo karibu na shina, kisha tumia mshipi kuvuta kamba ya mtu. Usitumie chubwi la risasi, linarudi vibaya likigonga tawi. Panda utakayoitegemea iwe nene kuliko paja la mtu mzima, mbichi na yenye umbo la U. Ijaribu kwa kuning'inia watu wawili pamoja mkiwa na miguu karibu na ardhi.

Mkanda ukishakaa sawa mwilini, jiunge na kamba kwa fundo la msuguano: kamba nyembamba ya milimita 8 yenye kitanzi, inazungushwa mara tatu juu ya kamba kuu ikipita ndani ya kitanzi chake yenyewe. Ikivutwa ghafla hukaza, ikilegezwa kwa mkono husogea. Lifanyie mazoezi ukiwa nusu mita kutoka chini mpaka mikono ilijue bila macho. Mtu asiyeweza kulifunga na kulilegeza akiwa chini hataliweza akiwa juu.

Wakati wa kupanda, viungo vitatu viwe kwenye mti kila wakati: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Sogeza fundo la msuguano kila hatua, ili lisishuke chini ya kifua na kamba isilegee. Kamba iliyolegea mita mbili inakuacha uanguke mita mbili kabla ya kukushika.

Ukikutana na tawi linalozuia kamba, tumia kamba fupi ya pili ya mkandani. Ifunge juu ya tawi kwanza, hakikisha imeshika, ndipo ufungue ya chini. Mpya kabla ya zamani, kila mara. Hakuna nusu sekunde ya kuwa huru.

Ukitumia ngazi kufikia panda ya kwanza, miguu yake iwe mbali na shina robo ya urefu inaofikia: ngazi inayogusa mti mita 4 juu, kitako chake kikae mita 1 nje. Ifunge juu kwenye mti kabla ya kuiacha.

Kupandisha zana

Umefika. Kaa, jifunge kwa kamba fupi upande wa pili wa shina, pumua. Sasa una viungo viwili vya usalama na mikono yako ni huru. Hapo tu ndipo zana zinapoitwa.

Ncha ya kamba ya zana unaweza kupanda nayo, lakini kwa sharti: iwe tupu, na iwe imechomekwa kwa wepesi kwenye mkanda, bila fundo. Zana isifungwe upande wa chini wakati unapanda. Kamba iliyofungwa kiunoni ikinaswa na kichaka au ikivutwa na mtoto chini, inakuvuta na wewe.

Ipitishe juu ya tawi la upande tofauti na njia uliyopandia, kisha irudishe mpaka ncha zote mbili ziwe chini. Sasa mtu wa chini ndiye anayevuta, naye anavuta akiwa amesimama mbali, nje ya mstari wa kuanguka. Ndiyo maana kamba inahitaji kuwa zaidi ya mara mbili ya kimo. Wewe juu kazi yako ni kupokea.

Zana fupi ziende ndani ya kiroba kizito au ndoo ndogo. Usiamini waya wa ndoo, hutoka kwenye masikio yake. Pitisha kamba chini ya kitako na uje juu pande zote mbili. Msumeno mrefu au panga hufungwa namna hii: makali ndani ya ala, kitanzi cha kwanza kwenye mpini, kitanzi cha pili chini yake kikiibana ala yenyewe, ili mpini utangulie juu na ncha itazame ardhini. Utapokea mpini. Hutalazimika kugeuza makali hewani.

Zana moja kwa safari moja. Mtu wa chini anavuta taratibu na kusimama kila inaponaswa. Ikinaswa, ishushwe kidogo na kuvutwa tena. Usiinamie kuitoa kwa mkono ukiwa umenyoosha mwili. Ukiishika, iweke mahali pake kwanza, kwenye kitanzi cha mkanda au ifungwe kwenye tawi, ndipo uifungue kutoka kwenye kamba. Kwa maneno mengine, zana nayo isiwe huru hata mara moja. Ala hutoka mwisho kabisa, mwili wako ukiwa umeshakaa mahali pa kukatia.

Simu, chupa ya maji na funguo navyo hupanda kwa kiroba, au vibaki chini. Chupa ya lita moja iliyojaa maji ina uzito wa kilo 1, na kutoka mita 10 si kitu cha mzaha.

Kukata

Kabla ya kila tawi jiulize litaangukia wapi, kitako chake kitaruka kwenda wapi, na kamba yako iko wapi. Kata ukiwa pembeni au juu kidogo ya tawi. Ukilikata ukiwa chini yake litakujia, na anayekata tawi alilokalia ameshajimaliza. Wakati wa kukata uwe umefungwa sehemu mbili tofauti za mti, maana makali yakigusa kamba iliyokazwa hukata kwa mguso mmoja.

Matawi mazito yakatwe vipande vifupi kutoka nchani kuja ndani. Kipande kibichi chenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita 1 kinaweza kufika kilo 25 hadi 30. Kikianguka juu ya bati kinapita hadi sebuleni.

Tawi nene hukatwa mara tatu. Kwanza kata kutoka chini kwenda juu, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, mpaka theluthi ya unene. Pili kata kutoka juu, sentimita chache nje zaidi ya hapo. Tawi litavunjika lenyewe bila kuchana gamba la shina. Tatu, ondoa kisiki kilichobaki, ukikata nje kidogo ya uvimbe wa mviringo ulio kwenye kitako cha tawi. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda, kwa hiyo usiukate na usiupake rangi wala oili chafu.

Msumeno ukianza kuingia kwa urahisi ghafla, tawi liko karibu kuondoka: punguza kasi, vuta mkono nyuma, acha uzito wake umalize. Likinasa kati ya matawi mengine, usilirukie wala usilipige teke. Livute kwa kamba ya zana kutoka chini, watu wote wakiwa pembeni.

Pumzika kila baada ya nusu saa, hata kama mwili haujaomba. Kunywa maji. Mikono ikianza kutetemeka, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Kushuka

Mambo hugeuzwa: msumeno ndani ya ala, zana moja moja kwenye kamba, mtu wa chini aseme "Nimeipata" kwa kila moja na kuiweka mahali ambapo hutaikanyaga. Usirushe panga chini kwa kuwa "pako wazi". Linagonga jiwe, linaruka, na hakuna ajuaye litaelekea wapi. Zana zote zikishafika, ndipo wewe uanze, kwa viungo vitatu vilevile. Mita mbili za mwisho usiruke.

Mtu akining'inia au akianguka

Aliyeteleza akashikwa na mkanda bado yuko hatarini. Mtu anayening'inia bila kusogeza miguu, damu hujikusanya miguuni na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kila mkanda uwe na kitanzi cha ziada cha kamba kilichokunjwa mfukoni: akikining'iniza na kukanyaga ndani yake, mapaja hupata nafuu. Achezeshe miguu muda wote mpaka ashushwe. Mpango wa kumshusha uzungumzwe asubuhi, pamoja na nani atapanda kumfuata. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa namba 114.

Kidonda cha panga kinachotoka damu kikandamizwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Kitambaa kikiloa, ongeza kingine juu yake. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka bila kusimama, funga kitambaa kipana kati ya kidonda na moyo, si juu ya kidonda chenyewe, kaza, andika saa uliyofunga. Kijiti au ncha iliyoingia mwilini isichomolewe.

Aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe kwa kushikwa makwapa, asikalishwe, asipewe maji. Mwambie atulie, mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke. Na tafadhali asipakiwe kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote mitaani kwetu, na ndiyo inayoweza kugeuza uti wa mgongo uliopasuka kuwa uliokatika. Tafuteni gari linaloruhusu alale, pickup au Noah iliyokunjwa viti, mlazeni juu ya ubao au mlango ulioondolewa bawaba, watu wanne wakimwinua kwa pamoja kwa hesabu ya mmoja. Aendaye naye hospitali, iwe Sekou Toure au Bugando, amwambie daktari mambo matatu: alianguka kutoka kimo gani, aliangukia nini, na kama alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi.